Barafu ya Mjomba Gadieli

Akheri, Jumamosi alasiri

Mwanangu Elifuraha,

Umeenda kanisani kuagana na wenzako wa kwaya, na baba yako ameshuka Tengeru kukutafutia begi jipya, maana amekataa katakata usafiri na lile lililokufa zipu. Nyumba imetulia. Nimekaa mezani jikoni niandike sasa hivi, kwa sababu nikisubiri tuonane uso kwa uso nitaishia kukuambia habari za sweta na chandarua, kama nilivyofanya wiki nzima.

Sweta unalo. Kupika unajua. Kuamka mapema hakuna wa kukufundisha. Hayo nayaacha.

Ninachotaka kukuambia ni kwa nini mguu wangu wa kushoto uko hivi ulivyo. Umekua ukiniona nachechemea nikishuka shambani na ndoo ya kahawa, na kila ulipouliza nilikujibu kwamba nilivunjika nikikimbia. Ni kweli. Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine inamhusu mjomba wako, ambaye kesho anakuja kukuchukua akupeleke kwenye kambi yake ya mbio Babati.

Babu yako alifariki mimi nikiwa bado shule ya msingi. Kaka Gadieli alikuwa ameshakuwa mtu mzima, mwalimu wa michezo, na akabeba mzigo wote wa nyumba bila kuombwa. Ndiye aliyekuwa akija shuleni nikiitiwa mzazi. Ndiye aliyesimama karibu nami siku ya kipaimara. Na ndiye aliyeniona nikikimbia kumkamata mbuzi aliyekata kamba akasema huyu mtoto ana miguu. Kuanzia hapo alinifanya mkimbiaji. Alinipandisha barabara ya Nkoaranga alfajiri, mimi mbele, yeye nyuma anahema juu ya baiskeli, na tukifika juu alikuwa ananipa chai ya chupa na ndizi ya kuchemsha kabla hata ya kunywa yeye. Nilimwamini kama unavyoiamini sakafu ya nyumba yako. Hukanyagi kwa kujaribu, unakanyaga tu.

Nilipomaliza kidato cha nne yalitangazwa mashindano ya mchujo mjini Arusha. Watakaoshinda wangeingia timu ya kwenda kukimbia nje. Kaka aliambiwa kwamba mwanariadha wake akipita, na yeye ataondoka na timu kama kocha msaidizi. Hilo hakunificha. Tulifurahi pamoja, tukawa tunapanga tutaenda vipi na tutarudi na nini.

Ndipo mguu ulipoanza. Muundi, mfupa huu wa mbele, kwenye sehemu ndogo ambayo ningeweza kuifunika kwa kidole gumba. Mwanzoni uliuma nikimaliza kukimbia. Kisha ukawa unauma nikianza. Kisha ukaanza kuuma nikiwa nimelala. Nilimwambia kaka, akasema tutautibu kwa barafu.

Ngarenaro kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa anauza juisi na mabonge ya barafu. Kaka alinunua bonge, akaingia kwenye gereji ya jirani kuazima nyundo, akalivunja ndani ya gunia, akanifunga mguu kwa taulo lililojaa vipande. Mwenye nyundo alikuwa baba yako, wakati ule bado anajifunza ufundi. Yeye husema mapenzi yetu yalianza kwa kunihurumia, maana kila jioni aliona msichana mwembamba amekaa juu ya tairi lake bovu, meno yanagongana, na mguu umefungwa kama mzigo wa sokoni.

Na barafu ilifanya kazi, Eli. Hapo ndipo ugumu wa habari hii ulipo. Baada ya muda mfupi maumivu yalikuwa yanaondoka kabisa. Nilikuwa nasimama, narukaruka, nacheka. Kaka alikuwa ananiambia, "Unaona? Inavuta ugonjwa wote. Inaponya." Nilikuwa nakimbia jioni ileile. Kesho yake maumivu yanarudi yakiwa makali zaidi, nasi tunarudi kwa mama wa barafu.

Wiki ya mchujo nilishindwa kushuka ngazi. Kaka alinipeleka kwa daktari mjini, nikapigwa picha. Tulikaa kwenye benchi tukisubiri, na jina langu lilipoitwa alinyanyuka yeye. Akaniambia nipumzishe mguu, atasikiliza mwenyewe. Sikuona ajabu. Shuleni aliitwa yeye, kanisani alisimama yeye, kwa nini asiingie yeye kwa daktari? Alikaa huko ndani kidogo, akatoka akitabasamu, akanishika bega.

"Mfupa ni mzima. Ni misuli tu. Tuendelee na barafu."

Nilifurahi kiasi kwamba nilisahau kuomba kuiona ile picha.

Siku ya mashindano alinifunga barafu muda mrefu kuliko siku zote. Alipoifungua ngozi ilikuwa nyekundu, nikaigusa kwa vidole nikawa kama nagusa mguu wa mtu mwingine. Alipiga goti mbele yangu akanifunga kamba za viatu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu nilipokuwa mdogo. Hakuniangalia. Nilidhani ana wasiwasi wa mashindano kama mimi.

Nilikimbia vizuri. Nataka ujue hilo. Nilikuwa wa tatu, naona migongo ya wawili mbele yangu na najua nitawapita, mwili mwepesi, kichwa kimetulia. Nikaingia kwenye kona. Sikuhisi maumivu kwanza, nilisikia mlio, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa, nikashangaa umetoka wapi. Halafu nikajikuta nimelala kwenye vumbi na mguu umekaa upande ambao mguu haukai. Kaka ndiye aliyenifikia kwanza. Alilia. Ninakuandikia hilo ili usije ukadhani nazungumzia mtu asiye na moyo.

Daktari yuleyule ndiye aliyenipokea. Baada ya kufungwa plasta alikuja kitandani kwangu, kaka akiwa ametoka kutafuta usafiri wa kumleta bibi yako. Alivuta kiti, akaniuliza kwa sauti ya mtu anayejizuia kukasirika.

"Binti, kwa nini ulikimbia?"

Nikamjibu kwamba walisema ni misuli.

"Mimi sikusema ni misuli. Nilimwonyesha kaka yako ufa kwenye picha. Nilimwambia usikimbie hata kidogo mpaka nikuone tena."

Sikulia. Niliangalia dari. Nilikuwa najaribu kupanga upya maneno ya siku ile kwenye benchi, labda nilisikia vibaya, labda kaka alisikia vibaya. Alipoingia na bibi yako wakiwa na chupa ya uji, nilimtazama usoni, naye akajua kwamba najua. Alimimina uji kwenye kikombe, akanipa, akatoka nje.

Bibi yako nilimwambia. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniomba ninyamaze. Alisema nyumba hii imesimama kwa sababu ya Gadieli, na wadogo zangu bado wanasoma, na mguu ulishavunjika, maneno hayataunga. Sikumlaumu, alikuwa mjane anahesabu watoto. Nikanyamaza. Mfupa uliungana vibaya. Mbio ziliishia pale. Kaka hakuondoka na timu mwaka ule, lakini alipata wanariadha wengine, wakashinda, akaitwa huku na kule, akawa Kocha Gadieli unayemsikia redioni. Siku ya harusi yangu ndiye aliyeniingiza kanisani. Nilitembea nikichechemea, nimeshika mkono wake, na watu walisema hakuna kaka kama huyu.

Utajiuliza nimewezaje kukaa naye meza moja kila Krismasi miaka yote. Nilikuwa na kisingizio nilichomtengenezea mwenyewe. Nilijiambia kaka alidanganya kwa sababu aliiamini barafu. Kila mtu aliiamini. Mchezaji akiumia uwanjani wanamkimbilia na barafu, shuleni wanafundisha barafu, hata kwenye vitabu vyake vya ualimu niliiona: pumzisha, weka barafu, funga, inua. Basi nikasema, alidhani itaziba ule ufa kabla ya mashindano. Alikosea kwa ujinga wa wakati ule, si kwa kunitoa kafara. Na kwa kuwa nilihitaji mtu au kitu cha kuchukia, nikaichukia barafu.

Ndiyo maana mwaka jana ulipotegua kifundo kwenye netiboli ukarudi na mfuko wa barafu aliokupa mwalimu wako, niliunyakua nikautupa migombani. Ulinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Ulikuwa na maumivu, mwanangu, nami nikakunyima kitu kidogo ambacho kingekutuliza, kwa hasira isiyokuhusu.

Unamkumbuka yule dada wa mazoezi ya viungo hospitalini, aliyekufundisha kusimama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki? Usilolijua ni kwamba wiki iliyofuata nilirudi kwake peke yangu. Nilimwambia sina mgonjwa, nina swali. Barafu inaponya au haiponyi? Alicheka kidogo, akaniambia nikae.

Alinieleza kwa upole, bila kujifanya mjuaji. Alisema barafu inatia ganzi, inapunguza maumivu kwa muda, na hilo halina ubishi sana. Lakini kwamba inafanya jeraha lipone haraka, ushahidi wa kutosha hawana. Watu wamelichunguza jambo hili kwa muda mrefu, na ukikusanya walichopata unakuta utafiti mwingi ni mdogo, wengine wameona nafuu, wengine hawakuona tofauti yoyote. Akasema ule uvimbe ambao sisi tunaukimbiza ni sehemu ya mwili kujitengeneza, damu inaleta mafundi wake na vifaa vyao, na kuna wanaohofia kwamba kupoza sana kunawachelewesha, ingawa mengi ya hayo yameonekana kwa wanyama na kwa binadamu bado hawana uhakika. Hata daktari mmoja wa ng'ambo, aliyesaidia kuueneza ule ushauri wa barafu duniani, baadaye alirudi akasema anabadili mawazo. Dada huyu mwenyewe siku hizi huwaambia wagonjwa wake wakitaka barafu kwa ajili ya maumivu waweke kidogo, juu ya kitambaa, kisha waanze kuutumia mguu polepole kadiri unavyoruhusu. Jambo moja alilisema kwa kukaza sauti, kwamba mguu uliotoka kwenye barafu haumpi mwenye mguu habari kamili, kwa hiyo si wa kurudishwa uwanjani papo hapo.

Nilimsikiliza na moyo ukaanza kuwa mwepesi. Nikaona kumbe hata wataalamu walikuwa wanabahatisha, basi kaka alipotea na wenzake. Nikamwuliza swali nililokuwa nimelifuata. Nikamwambia, na mtu mwenye ufa kwenye mfupa, zamani walikuwa wanaamini barafu itamponya?

Akashangaa. "Hapana, mama. Ubishi wa barafu ni wa misuli na vifundo vilivyoteguka. Mfupa wenye ufa unapumzishwa. Hilo lilijulikana hata kabla sijazaliwa."

Nilimshukuru nikatoka. Nilipanda njia yote ya kurudi nyumbani kwa miguu, na nilipofika kwenye geti nilishindwa kuingia nikakaa kwenye jiwe. Siku ile ya hospitali nilisalitiwa na kaka yangu nikiwa binti. Lakini siku hii nilisalitiwa mara ya pili nikiwa mama wa watu, kwa sababu kile kisingizio nilichomshonea kwa mikono yangu kilichanika, na chini yake alikuwa yeye tu, amesimama, anajua. Barafu haikunifanyia kitu. Ilifanya kazi inayoiweza, ikaninyamazishia mguu. Aliyeitumia ili mguu usinisemeshe ni mtu aliyekuwa ameshaambiwa mguu unasema nini.

Mwezi uliopita alipokuja kumwomba baba yako akuchukue, nilimwomba tutembee shambani. Tulisimama kati ya mibuni. Nilimwuliza kile ambacho sikuwahi kumwuliza. Nikamwambia, kaka, ungeniambia tu. Kwa nini hukuniambia?

Hakukataa. Hakujifanya amesahau. Alichuma jani akalikunjakunja.

"Kama ningekuambia, ungekimbia?"

"Nisingekimbia."

"Ndiyo maana," akasema.

Ndivyo alivyojibu, Eli, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia hii badala ya ile. Nilisubiri aongeze neno. Nilikuwa tayari kupokea hata neno dogo. Baadaye kidogo akasema alikuwa kijana, ana njaa ya maisha, alidhani mfupa ungevumilia mbio moja. Nikamwambia kwamba nitakueleza yote kabla hujaondoka. Hapo ndipo alipogeuka kunitazama kwa mara ya kwanza.

"Ruthi, usimjaze mtoto maneno sasa hivi. Ngoja amalize msimu wa kwanza, akishakimbia umwambie."

Nilijua benchi ile niliyokalia zamani bado ipo, na safari hii amekuandalia wewe.

Nilitaka kukuzuia. Nilikuwa na maneno tayari: kwamba baba yako anaumwa, kwamba kahawa ya msimu huu inahitaji mikono, kwamba chuo kimekuita. Uongo mzuri kabisa, wa mama anayependa. Baba yako, ambaye anaijua habari yote tangu uchumba, alinisikiliza akaniambia nifikirie vizuri. Alisema kukuficha ukweli ili usikimbie na kumficha mtu ukweli ili akimbie ni jambo lilelile kwa aliyefichwa. Nilimkasirikia siku mbili tatu, hata chai nikamwekea bila kumwita. Lakini alisema kweli. Nikikuzuia bila kukuambia, nitakuwa nimeingia kwa daktari badala yako na kutoka na jibu langu.

Kwa hiyo nakuambia, kisha unaamua. Ukiamua kubaki, kesho nitamwambia mjomba wako mwenyewe mlangoni, wewe huna haja hata ya kutoka chumbani. Ukiamua kwenda, nenda bila kunihurumia. Ni kocha mzuri, sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Amewatoa vijana wengi, na wako wakimbiaji wake waliozeeka na miguu yao mizima. Atakupenda, na atakupa chai kabla ya kunywa yeye. Alinipenda na mimi. Ndicho kilichonichukua muda mrefu kukielewa, kwamba upendo wake ulikuwa wa kweli, na siku alipotakiwa kuchagua aliuweka pembeni kidogo, akijua utamsubiri palepale.

Barafu usiiogope kama nilivyokufanya uiogope. Mguu ukiuma na ukataka kuupoza ulale usingizi, poza, ulale. Ila mtu akikupoza ili ukimbie, vua viatu. Na mlango wa daktari uingie kwa miguu yako. Picha ni ya mfupa wako, iangalie kwa macho yako, umwulize daktari akuonyeshe kwa kidole, hata kama huelewi kitu, hata kama nje kuna mtu mzima anayekuambia upumzike tu atasikiliza yeye. Utaonekana huna adabu. Mimi nilikuwa na adabu sana.

Ukinipigia simu kutoka Babati ukasema mama nataka kurudi, sitauliza sababu. Baba yako atawasha gari hapohapo, na unajua jinsi anavyoendesha, kwa hiyo utatusubiri kidogo, lakini tutafika.

Nasikia sauti zenu barabarani, mnacheka na mtoto wa mchungaji. Nitaikunja barua hii nikupe mkononi ukiingia, uisome chumbani kwako, wala usitoke kuja kunikumbatia mpaka uwe umemaliza yote.

Kesho mjomba wako akifika nitamwamkia shikamoo, nitamkaribisha ndani, nitampakulia ndizi na nyama kwenye sahani nzuri, kwa sababu ni kaka yangu na hii ni nyumba ya watu wenye heshima. Utaniona natabasamu. Usije ukadhani nimemsamehe. Bado sijaweza, na sitaki uondoke hapa ukiwa umedanganywa hata na tabasamu langu.

Mama yako,
Ruthi